Mahabusu ya Uhamiaji: Saa Chache Zinapogeuka Siku

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu katika miezi ya karibuni zinahusu jambo moja: mume, mdogo, mtoto au rafiki aliyezuiliwa na maofisa wa uhamiaji kwa muda unaoitwa mfupi, iwe ni uwanjani, bandarini, mpakani au nyuma ya ofisi ya uhamiaji, na yale yaliyompata humo ndani. Nimeondoa majina ya waandishi, nchi na tarehe, kwa kuwa baadhi ya mashauri bado hayajaisha. Majibu yangu yanategemea mikataba ya kimataifa na hukumu zilizotolewa hadharani. Sheria ya nchi ambako ndugu yako anashikiliwa inaweza kumpa haki zaidi ya hizi, na wakili wa huko ndiye atakayezijua vizuri.

SWALI: Mdogo wangu aliposhuka kwenye ndege aliulizwa maswali kwenye dirisha la uhamiaji, kisha akapelekwa katika chumba kinachofungwa kwa nje, akakaa humo siku mbili na usiku wake. Alipouliza kwa nini amekamatwa, ofisa alimjibu kwamba hajakamatwa, anasubiri tu, na kwamba yuko huru kupanda ndege ya kurudi alikotoka wakati wowote apendao. Je, kisheria hakuwa mahabusu?

JIBU: Dada yangu, alikuwa mahabusu. Hoja ya ofisa huyo ni ya zamani, na ilikwisha kupimwa mahakamani ikashindwa. Mwezi wa Machi 1992, ndugu wanne wa Kisomali waliwasili katika uwanja wa ndege wa Orly, Paris, wakitokea Damascus, wakaomba hifadhi. Walizuiliwa siku 20 uwanjani hapo na katika sehemu ya hoteli jirani iliyokuwa imegeuzwa eneo la kusubiria, na zaidi ya wiki mbili zilipita kabla hawajapata msaada wa kisheria. Serikali ya Ufaransa ilijitetea kwa maneno yanayofanana na yale aliyoambiwa mdogo wako, kwamba mlango wa kuingia nchini ulikuwa umefungwa lakini mlango wa kuondoka ulikuwa wazi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika hukumu yake ya Juni 1996, ilisema kwamba uwezekano wa mtu kuondoka kwa hiari yake haufuti ukweli kwamba amenyimwa uhuru, na kwamba uwezekano huo hubaki wa karatasini tu iwapo hakuna nchi nyingine iliyo tayari kumpokea na kumlinda.

Kinachopimwa, basi, ni hali halisi, na jina lililobandikwa mlangoni halina uzito. Muulize mdogo wako kama aliweza kutoka kwenda kununua maji bila kuomba ruhusa, kama pasipoti na simu yake vilikuwa mikononi mwake, na kama aliweza kumpigia mtu saa aliyotaka. Ikiwa majibu yote ni hapana, huyo alikuwa amezuiliwa, na tangu dakika ya kwanza alistahili kulindwa na Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966: kuelezwa sababu za kukamatwa kwake, na kuweza kupeleka suala lake mbele ya mahakama ambayo itaamua bila kuchelewa kama kuzuiliwa huko ni halali. Ndiyo maana neno "kusubiri" hupendwa sana katika vyumba hivi. Anayesubiri haonekani kuwa na haki ya kumwona jaji.

SWALI: Mume wangu alishikiliwa siku nne katika chumba ambacho walinzi wenyewe walikiri kwamba kimejengwa kwa ajili ya watu wa kukaa saa chache. Walijazana, hapakuwa na kitanda wala godoro, taa haikuzimwa hata usiku mmoja, baridi ilikuwa kali, na hakuoga hadi alipotoka. Alipolalamika aliambiwa kwamba hapo si gerezani, ni mahali pa kupita tu, kwa hiyo asitegemee huduma za gerezani. Je, kuna kiwango chochote kinachotakiwa, au kila nchi hufanya inavyoona?

JIBU: Mama, maneno aliyoambiwa mumeo ndiyo ugonjwa wenyewe wa vyumba hivi, kwa hiyo uniruhusu nikae hapa kwa kirefu.

Gereza hujengwa na mtu aliyejua kwamba atakayeingia atalala, ataoga, ataugua na atatembelewa. Chumba cha kushikilia watu kwa muda hujengwa na mtu aliyejua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo litakalotokea. Viti hufungiwa sakafuni ili visirushwe, na kwa hiyo haviwezi kuunganishwa vikawa mahali pa kujinyoosha. Taa huwekwa kwa ajili ya kamera na mlinzi, kwa hiyo hazizimwi. Ubaridi wa hewa hupangwa ili kumfaa ofisa aliyevaa koti na anayetembea, wala haukupangwa kwa ajili ya mtu aliyekaa sakafuni na shati jepesi. Chakula huwa ni kitu cha kutuliza njaa hadi ndege iondoke. Kwa saa tatu au nne, mpangilio huo unavumilika na pengine haumdhuru mtu yeyote. Usiku wa kwanza ukiingia, chumba kile kile, bila mtu yeyote kukibadilisha na bila mlinzi yeyote kuwa na nia mbaya, kinageuka kuwa adhabu, na anayeadhibiwa ni mtu ambaye mara nyingi hajashtakiwa kwa kosa lolote.

Hivyo ndivyo inavyotokea kwamba mfungwa aliyehukumiwa kwa wizi hupata godoro, na msafiri ambaye viza yake ina utata akalala sakafuni. Jambo hili lilithibitishwa mahakamani nchini Marekani. Mwaka 2015 watu walioshikiliwa katika vituo vya doria ya mpaka eneo la Tucson, Arizona, walifungua kesi kuhusu vyumba ambavyo waliopita humo huviita kwa Kihispania "hieleras", yaani majokofu. Mahakama ilioneshwa picha za watu waliolala sakafuni wamebanana, wamejifunika karatasi nyembamba za kung'aa badala ya blanketi. Jaji alitoa hukumu Februari 2020, akaona kwamba hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile wanayoikuta watu wanaopelekwa jela kwa makosa ya jinai, na akaamuru kwamba mtu yeyote ambaye amemaliza kuandikishwa na bado anashikiliwa baada ya saa 48 apewe kitanda na blanketi, nafasi ya kuoga, chakula kinachofaa, maji ya kunywa, na uchunguzi wa mhudumu wa afya mwenye ujuzi. Mimi binafsi naona saa 48 ni nyingi mno kwa mtu kukosa mahali pa kulala, lakini angalau hukumu hiyo ilikataa kwamba mahali pa kupita hapadaiwi chochote.

Kiwango unachokiulizia kipo, na kwa maoni yangu kilichoandikwa kwa uwazi zaidi ni cha Kamati ya Baraza la Ulaya ya Kuzuia Mateso, ambayo wajumbe wake huingia katika sehemu hizi na kuzikagua. Mwaka 1997 kamati hiyo ilieleza kwamba watu wanaolazimika kukaa kwa muda uwanjani wapewe mahali panapofaa pa kulala, wafikie mizigo yao, wapate vyoo na mabafu yenye vifaa vinavyostahili, na waruhusiwe kutoka nje kupata hewa kila siku. Kuhusu mizigo, wengi hawatambui uzito wake hadi yawakute: nguo ya kubadilisha, dawa, namba za simu za ndugu na nyaraka za kuthibitisha safari, vyote vimo katika sanduku lililoko upande wa pili wa ukuta. Kamati hiyo hiyo, tangu 1992, imekuwa ikitaka kila anayelazwa mahabusu ya polisi apewe godoro na blanketi safi, na ikapendekeza chumba cha mtu mmoja anayekaa zaidi ya saa chache kiwe na kama mita 7 za mraba. Nje ya Ulaya, Kanuni za Umoja wa Mataifa za Kiwango cha Chini cha Kuwatendea Wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema katika Kanuni ya 122 kwamba mtu aliyewekwa kizuizini bila mashtaka apate ulinzi sawa na mahabusu wengine. Hoja ya "hapa si gerezani" haina pa kusimama mbele ya kanuni hiyo.

Lakini nisikudanganye kwamba mahakama zote huona kama ninavyoona mimi. Mwezi wa Septemba 2011, Watunisia watatu waliookolewa baharini walishikiliwa katika kituo cha kisiwa cha Lampedusa na baadaye ndani ya meli zilizotia nanga Palermo, nchini Italia. Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya, Desemba 2016, liliamua kwamba walizuiliwa bila msingi wa kisheria, hawakuelezwa sababu na hawakuwa na namna ya kumfikia jaji. Hata hivyo, kuhusu hali ya mahali penyewe, lilikataa kuiita ya kikatili au ya kudhalilisha, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba walikaa humo siku chache tu na kisiwa kilikuwa kimeelemewa na watu. Naiheshimu sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo kuliko ya pili. Anayelala juu ya zege usiku wa leo hapunguziwi ubaridi wake kwa kuwa kesho kutwa ataondoka.

Tena, ule ufupi unaotegemewa huwa hautimii. Kituo cha Manston, kusini-mashariki mwa Uingereza, kilifunguliwa mapema mwaka 2022 kwa ajili ya kuwaandikisha watu waliovuka bahari kwa mashua ndogo, na kilikusudiwa kumshikilia mtu kwa muda usiozidi saa 24. Kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo kilikuwa na watu wapatao 4,000 mahali palipopangiwa 1,600, familia zimelala kwenye mahema kwa siku nyingi na wengine kwa wiki, ugonjwa wa dondakoo ukapatikana miongoni mwao, na mwezi wa Novemba mtu mmoja aliyekuwa amezuiliwa humo akafariki dunia. Hapakutokea siku moja ambayo mtu aliamua kwamba kituo cha saa 24 kiwe cha wiki tatu. Saa ziliongezwa moja moja, kila moja ikiwa na sababu yake.

Ushauri wangu kwa mumeo ni aandike leo, kabla hajasahau, saa aliyoingia, saa aliyotoka, walikuwa wangapi, taa na baridi vilikuwaje, chakula kilikuja mara ngapi, choo kilikuwa na mlango au hakikuwa nao, na aliyemjibu alivaa sare gani. Malalamiko yenye mambo hayo husomwa. Yale yasemayo "nilitendewa vibaya" huishia kwenye faili.

SWALI: Muda mfupi ni muda gani hasa?

JIBU: Hakuna namba moja ya dunia nzima. Uingereza huruhusu hadi siku 5 katika vituo vyake vya muda mfupi vyenye malazi, na hadi siku 7 kama tayari safari ya kumwondosha mtu nchini imepangwa. Miongozo ya mwaka 2015 ya idara ya forodha na mipaka ya Marekani inasema kwa kawaida mtu asikae katika vyumba vyake zaidi ya saa 72. Afrika Kusini ilikuwa na kifungu kilichoruhusu mhamiaji kushikiliwa hadi siku 30 kabla ya mahakama kuhusika, mpaka Mahakama ya Katiba ilipokibatilisha tarehe 29 Juni 2017 na kuagiza kwamba kila anayeshikiliwa afikishwe yeye mwenyewe mahakamani ndani ya saa 48. Hukumu hiyo naithamini kuliko namba zile nyingine, kwa sababu inamlazimu mtu asiyekuwa ofisa wa uhamiaji amtazame aliyezuiliwa usoni.

Jihadharini na mtego mmoja. Mtu huhamishwa kutoka chumba cha uwanjani kwenda kituo cha polisi, kisha kituo kingine, na kila mahali kitabu kinaanza kuhesabu saa upya. Uhuru wake haukurudishwa njiani. Wakili adai hesabu ianzie dakika ya kwanza aliyozuiliwa.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana kisukari na alinyang'anywa mkoba wenye insulini alipoingia chumba cha mahabusu ya uhamiaji. Walimwambia dawa zote haziruhusiwi hadi daktari aje, na daktari alikuja kesho yake jioni. Je, walikuwa na haki ya kufanya hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usiku huo mliopitia. Kuchukua dawa ili zikaguliwe kunaruhusiwa. Kumwacha mgonjwa wa kisukari usiku kucha na mchana wake bila insulini hakuruhusiwi popote, kwa kuwa anayemfungia mtu mlango amebeba mzigo wa afya yake kuanzia pale mlango ulipofungwa. Kanuni za Mandela zinataka kila anayeingia aonwe na mhudumu wa afya mapema iwezekanavyo, na wenye hali ya dharura wahudumiwe papo hapo. Kama hakuna daktari jengoni, wajibu wa ofisa ni kuita gari la wagonjwa au kumpeleka hospitali.

Tatizo la vyumba hivi ni kwamba mara nyingi anayeuliza "una ugonjwa wowote?" ni mlinzi mwenye fomu, na huuliza mbele ya watu, kwa lugha ambayo mgonjwa haijui vizuri. Mwenye virusi vya ukimwi au kifafa hatajitaja katika mazingira hayo. Atasema "sina" na kisha atakosa vidonge vyake. Kwa hiyo yeyote mwenye ugonjwa wa kudumu asafiri akiwa na karatasi moja mwilini mwake, si mkobani, yenye jina la dawa, kipimo, saa za kuitumia na saa ya mwisho aliyoitumia. Aombe kuzungumza faraghani, na mwanamke aombe ofisa wa kike. Wewe uliyeko nje, piga simu kituoni, taja ugonjwa na dawa, uliza jina la unayezungumza naye, kisha andika saa uliyopiga. Baada ya simu hiyo hawataweza kusema hawakujua.

Niongeze jambo ambalo akina mama huandika kwa aibu: taulo za kike. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, kuhusu wafungwa wanawake, zinataka zitolewe bure. Wala isiwe lazima kwa binti kumwomba mlinzi wa kiume, moja baada ya nyingine.

SWALI: Kaka yangu anazuiliwa. Je, nipigie ubalozi wetu?

JIBU: Inategemea kaka yako anaogopa nini. Kwa msafiri wa kawaida, ndiyo, tena mapema. Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli kinawataka waliomkamata mgeni wamjulishe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake upewe taarifa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri la Ujerumani dhidi ya Marekani mwaka 2001, ilikwenda mbali zaidi na kusema kwamba hiyo ni haki ya mtu mwenyewe, haikupewa serikali yake peke yake. Lakini kama kaka yako anakimbia serikali hiyo hiyo, usipige kabla hajakubali yeye, kwa sababu unaweza kuwaambia wanaomtafuta mahali alipo. Kwa mtu wa namna hiyo, simu ya kwanza iende kwa wakili, na ya pili kwa ofisi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

SWALI: Nilipewa karatasi katika lugha nisiyoijua, nikaambiwa nikisaini nitalala kwangu kesho. Nilisaini. Baadaye niligundua nilikuwa nimekubali kurudishwa nyumbani kwa hiari na kuacha ombi langu la hifadhi. Nilikuwa sijalala siku tatu. Je, bado kuna la kufanya?

JIBU: Lipo, ndugu yangu, lakini haraka. Makubaliano yanahitaji mtu aelewe anachokubali, na saini iliyotolewa bila mkalimani na baada ya siku tatu bila usingizi inaweza kupingwa. Mwambie wakili mambo hayo mawili kabla ya jambo jingine lolote, naye apeleke ombi la kusimamisha safari. Zaidi ya hapo, Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Mkataba huo huo, katika Kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu kwa kuingia bila kibali yule aliyetoka moja kwa moja katika hatari na kujitokeza mwenyewe bila kuchelewa.

Na kwa wengine ambao hawajasaini: semeni kwa sauti, hata kwa Kiswahili, "ninaogopa kurudi", mrudie neno hilo kwa kila ofisa anayebadilisha zamu. Kama mnalazimishwa kuandika chochote, andikeni kwa lugha yenu, pembeni ya mstari wa saini, kwamba hamkuelewa karatasi hiyo. Hapa ndipo hali ya chumba na hatima ya mtu vinapogusana. Taa isiyozimwa haimwumizi macho tu, humfanya asaini.

SWALI: Mpwa wangu wa miaka sita alikaa siku tatu katika chumba cha aina hiyo pamoja na watu wazima asiowajua, kwa sababu aliyesafiri naye hakuwa mzazi wake. Hadi leo hataki mlango wa chumba chake ufungwe.

JIBU: Hukuuliza swali, na naelewa kwa nini. Mwaka 2002, Ubelgiji ilimshikilia mtoto wa Kikongo wa miaka mitano, peke yake, kwa karibu miezi miwili katika kituo cha watu wazima, wakati mama yake alikuwa amekwisha kupewa hifadhi Canada, kisha ikampandisha ndege kwenda Kinshasa bila mtu mzima wa familia kuandamana naye. Mahakama ya Ulaya, mwaka 2006, iliita kitendo hicho cha kinyama, kwa mtoto na kwa mama pia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema kizuizi kwa mtoto kiwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kuliko wote unaowezekana, na mwaka 2017 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia mkataba huo, pamoja na ile ya wafanyakazi wahamiaji, zilisema wazi kwamba mtoto asizuiliwe kamwe kwa sababu ya hali yake au ya wazazi wake ya uhamiaji. Nasimama na kamati hizo bila kusita. Mashaka kuhusu aliyesafiri naye yalikuwa sababu ya kuwaita maofisa wa ustawi wa jamii usiku huo huo. Hayakuwa sababu ya kumfungia na wageni. Mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, na ripoti yake muitunze, kwani itahitajika katika shauri. Mlango uacheni wazi kwa muda wote atakaotaka.

SWALI: Niliporudishiwa mkoba wangu, fedha hazikuwamo. Wanasema hazikuwahi kuwamo.

JIBU: Ulipewa orodha ya mali yako, ukaisaini? Kanuni ya 67 ya Mandela inataka fedha na vitu vya thamani viorodheshwe na mwenye mali asaini. Kama hakuna orodha, kosa ni lao, na ndilo la kuanza nalo katika malalamiko yako. Usidharau dai dogo. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyezuiliwa na kufukuzwa na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire mwaka 1996, alitetewa na nchi yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 2012 mahakama hiyo iliagiza alipiwe dola 95,000 za Marekani. Kati ya hizo, dola 10,000 zilikuwa kwa ajili ya vitu vyake vya nyumbani ambavyo hakupata nafasi ya kuvihamisha.

SWALI: Mimi ni mlinzi katika chumba cha mahabusu ya uhamiaji. Sina mamlaka ya kumwachia mtu yeyote, na nasoma barua hizi kwa uchungu. Mtu wa cheo changu anaweza kufanya nini?

JIBU: Ndugu mlinzi, nimefurahi umeandika, na nina imani kwamba mengi ya yaliyolalamikiwa hapo juu yako ndani ya uwezo wako. Maji ya kunywa hayahitaji saini ya mkuu. Mwoneshe anayeingia choo kilipo kabla hajaomba. Mwite kwa jina lake, wala si kwa namba ya ndege aliyokuja nayo. Anayetaka kuswali mwoneshe kibla. Kama kuna swichi ya taa, uliza rasmi, kwa maandishi, ni nani aliyekataza kuipunguza usiku. Mara nyingi utakuta hakuna aliyekataza.

Kitabu chako cha kumbukumbu ni kitu kikubwa kuliko unavyofikiri. Andika saa ya kuingia kwa ukweli, hata kama saa ya kutoka itawaaibisha wakubwa. Idadi ikizidi uwezo wa chumba, andika na uipeleke juu, utunze nakala. Wakija wakaguzi, na nchi zilizoridhia Itifaki ya Hiari ya Mkataba Dhidi ya Mateso ya mwaka 2002 zinalazimika kuwa nao, waruhusu wazungumze na walioshikiliwa bila wewe kuwapo, kwa kuwa itifaki hiyo inataka hivyo, na inakulinda na wewe usiadhibiwe kwa kuwapa taarifa.

Mwisho, kama chumba chako hakina saa ya ukutani, omba itundikwe mahali inapoonekana na wote. Watu wengi walionisimulia yaliyowapata hawakuweza kunieleza walikaa muda gani, kwa sababu simu zilichukuliwa, dirisha halikuwapo na taa haikuzimwa, na hakuna wakili anayeweza kumwambia jaji kwamba mteja wake alikaa "muda mrefu".